Anwani ya Mjane

Shabiki wa filamu ni mtu wa kuogopwa. Anaweza kusahau siku aliyooa, lakini atakuapia kwamba yule mwovu alipanda ngazi amevaa viatu vya kamba na akashuka amevaa makubazi. Ndiyo maana kitabu cha filamu ya Mlango wa Mjane kilipoingia madukani, mashabiki walikinyonyoa kama kuku.

Na kitabu chenyewe, tusidanganyane, kilijitakia. Haraka haraka haina baraka. Wachapishaji wote wanaijua methali hii na hakuna anayeifuata. Filamu ilikuwa imejaza kumbi, watu walitaka kitu cha kwenda nacho nyumbani, na Mhariri Mkuu alitaka kitabu kiwe sokoni kabla joto halijapoa. Basi kikatoka hivyo hivyo. Picha ya mpiga kamera iliandikwa chini yake kwamba ndiye mwigizaji wa kike aliyecheza mjane, na mpiga kamera mwenyewe ana ndevu za kufika kifuani. Maelezo ya namna ya kutengeneza damu ya bandia yalirudiwa kurasa mbili mfululizo, neno kwa neno. Mwovu, ambaye kwenye filamu anaporomoka ngazini, kwenye kitabu alichomwa kisu akafa, na sura iliyofuata yumo anakunywa chai. Mashabiki walikuwa na kundi lao mtandaoni, na mchezo wao ulikuwa huo: ukipata kosa unaupiga picha ukurasa, unaandika "nimelinasa", na wenzako wanakupigia makofi. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Bi Wino hakucheka, kwa sababu kitabu kile alikisahihisha yeye.

Jina hilo alipewa na watu wa ofisini, kwa kuwa vidole vyake havikukosa alama ya wino mwekundu. Kazi aliifanyia nyumbani, chumba cha mbele, ghorofa ya pili, kwenye meza ileile ambayo mwanawe alifanyia mazoezi ya hesabu. Tarishi alimletea prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, kwenye bahasha kubwa, akazichukua zikiwa zimesahihishwa. Ofisini alikwenda kwa nadra, na siku ya picha ya wafanyakazi aliumwa kila mwaka. Majirani walimjua kama mjane mpole, hana makuu, mwenye binti mmoja wa darasa la tano asiyejua kunyamaza. Binti huyo wote walimwita Kasuku, na mama yake pia.

Ila Bi Wino hakuwa mjane. Mume alikuwa naye, mzima wa afya, na ndiye aliyemfanya ahame mji.

Usimfikirie mlevi wa kupiga kelele. Alikuwa mpima ardhi, nadhifu, kola imepigwa pasi, shikamoo kwa wakubwa na marahaba kwa wadogo. Siku moja mkewe alichelewa kurudi sokoni. Akamwita jikoni kwa sauti ya kawaida, akauweka mkono wake kwenye ukingo wa kabati, akaufunga mlango juu yake na kuuegemea taratibu, huku akimuuliza alipitia wapi. Kisha akamfunga bendeji yeye mwenyewe, vizuri kuliko nesi. Kidole cha mwisho hakikunyooka tena. Kituoni askari walimwambia mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Na mumewe alipojua kwamba amefika kituoni, alimwambia neno moja tu ambalo hakulisahau: "Ukiondoka nitakutafuta. Mimi sina haraka."

Aliondoka Kasuku akiwa bado anatambaa. Mtoto alipoanza kuuliza baba yuko wapi, akamwambia baba alikufa. Dada yake mkubwa, fundi cherehani katika mji mwingine, aligombana naye kwa ajili hiyo.

"Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu. Mwambie kweli mapema."

"Dada, mtoto huyu haweki neno. Nikimwambia baba yake yu hai, jioni mtaa mzima unajua, na kesho yake mwenyewe kaja."

Dada akarudi kwenye cherehani yake. Hivyo ndivyo mtu mzima wa afya alivyozikwa bila sanda, na miaka ikapita kwa amani.

Sasa, mchana mmoja Bi Wino alikuwa mezani anapitia yale makosa kwenye simu, aibu imempanda mpaka masikioni, aliposikia mlango unagongwa. Pole pole mara tatu, halafu moja ya haraka. Kwenye filamu, mjane hugongewa hivyo kila mchana, akifungua hakuna mtu. Bi Wino alifungua bila kuondoa mnyororo. Walikuwa kijana na msichana, fulana zao zimechorwa mlango mweusi, wanacheka kwa haya.

"Shikamoo mama. Samahani kukusumbua. Hapa ndipo Nyumba ya Mjane?"

"Marahaba. Nani kawaambia?"

Msichana akafungua kitabu ukurasa wa mwisho na kukipitisha kwenye upenyo. Kulikuwa na kisanduku kizuri chenye ukingo wa dhahabu, na juu yake maneno: Ukitaka Kuiona Nyumba Yenyewe. Chini yake ilikuwa namba ya jengo, mtaa, ghorofa ya pili, mlango wa kulia. Bi Wino alisoma mara moja. Kisha akasoma tena akiwa ameshikilia fremu ya mlango. Ilikuwa anwani yake.

Aliwaambia wamekosea, akafunga, akampigia simu Mpangaji.

Mpangaji ndiye aliyezipanga kurasa zote za kitabu, kijana mwema, mchapakazi, mwenye tabia moja ya hatari inayowakumba wapangaji wote duniani: nafasi tupu haimpi usingizi. Watu wa filamu walikuwa wameahidi kuleta anwani ya nyumba waliyopigia picha. Hawakuileta. Mpangaji alitaka kuona mistari itakaaje ndani ya kisanduku, akatafuta maneno ya kujazia kwa muda, na mezani kwake palikuwa na bahasha ya prufu iliyokuwa ikimsubiri tarishi, imebandikwa lebo.

"Nilinakili ile lebo, mama," alisema. "Nilijua tutabadilisha. Halafu ukurasa ukaenda kwako ukarudi na alama ya vema. Nikadhani watu wa filamu wameleta, na wewe umehakiki."

"Niliweka vema?"

"Ya wino mwekundu. Ninayo hapa."

Na kweli aliiweka. Bi Wino alikuwa na namna yake ya kusoma duru ya mwisho, na ndiyo iliyompa sifa kazini: alisoma kinyumenyume. Alianzia neno la mwisho la ukurasa akapanda kwenda juu, neno moja moja, kadi nyeupe ikifunika mengine. Maana ya sentensi, alipenda kusema, ni mwizi. Ukishaielewa, jicho linaruka. Kwa kawaida duru hiyo ilitanguliwa na nyingine ya kusoma kama binadamu. Safari hii Mhariri Mkuu aliiruka hiyo ya kwanza, eti muda hakuna. Kwa hiyo anwani ya nyumba yake, chumba anacholala na mtoto wake, ilimpita machoni kutoka mwisho kwenda mwanzo, na kila neno lilikuwa limeandikwa sawasawa.

"Mama," Mpangaji aliita, "kwani kuna ubaya gani? Watakuja watoto wawili watatu, watapiga picha waondoke."

Bi Wino alikata simu. Alikwenda dirishani akavuta pazia, akatazama chini mtaani. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama mbele ya duka la vifaa vya umeme, mgongo wake umegeuka. Bi Wino alimtazama mpaka alipogeuka. Hakuwa yeye.

Hawakuja wawili watatu. Walikuja kila siku, wengine na kamera za kusimamisha kwa miguu, wengine na keki. Wote waligonga vilevile, pole pole mara tatu na moja ya haraka. Bi Wino aliacha kufungua. Alimkataza Kasuku kufungua. Aliweka kiti nyuma ya mlango, akawa analala nguo zake zote mwilini kama abiria. Jirani wa chini, mama mmoja mwenye maneno yake, alimwambia kwenye ngazi, "Shoga, umeolewa na kundi zima au? Watu hawakatiki kwako." Siku nyingine angecheka naye.

Jambo baya zaidi ni kwamba mashabiki hawakuwa wajinga. Mara moja waliona kwamba nyumba si hiyo. Nyumba ya kwenye filamu ina roshani ya mbao na hii ina waya wa kuanikia nguo. Ile mlango mweusi, hii wa kijani. Kwao hilo lilikuwa kosa tamu kuliko yote, kosa la kupanda ngazi na kulishika kwa mkono. Kiongozi wao, mwanamke mmoja msaidizi wa daktari wa meno, aliyejiita Mwewe kwa kuwa hakuna kosa lililompita, alikuja na simu yake kurekodi mlango. Bi Wino alikuwa amekwenda dukani. Kasuku alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka shule, begi mgongoni, anatafuta ufunguo.

Kasuku kukutana na mtu mwenye kamera ni moto kukutana na nyasi kavu.

Bi Wino aliiona video jioni, amesimama jikoni, sufuria inaungua pembeni. Mwanawe alikuwa akiielekezea kamera ule mlango wa kijani kama mwenye jumba la makumbusho. "Hapa tunakaa mimi na mama. Mama yangu ndiye aliyekisahihisha hicho kitabu. Na mama yangu ni mjane wa kweli, si wa filamu." Watu walikuwa wameipenda mno. Waliandika mwacheni mtoto aigize sehemu ya pili. Walicheka, walituma mioyo, waliituma kwa wenzao. Mama alitazama paji lile pana la uso, na nyusi zile zinazokaribia kukutana, na akaona kila mtu anayemjua mpima ardhi yule angemtambua mtoto wake bila kuuliza.

"Mama, umekasirika?" Kasuku aliuliza.

"Hapana."

"Mbona unatetemeka?"

"Nina njaa," alisema Bi Wino, akakitupa chakula kilichoungua.

Asubuhi alimpigia Mhariri Mkuu. Mhariri alikuwa mchangamfu kupita kiasi, kama wafanyavyo wenye makosa.

"Usiwe na wasiwasi, Bi Wino. Tunachapa karatasi ya masahihisho, tunaichomeka ndani ya kila nakala. Itasema wazi: anwani iliyo ukurasa wa mwisho, yaani namba kadhaa, mtaa fulani, ghorofa ya pili, si ya nyumba ya filamu bali ni ya mfanyakazi wetu. Na tutaitangaza mtandaoni pia."

"Mtairudia anwani yangu."

"Kosa lazima litajwe ndipo lisahihishwe. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Usitangaze. Nakuomba. Vitoe vitabu madukani."

"Vitabu vimekwisha ondoka ghalani, vingi vimenunuliwa. Lakini kwani tatizo ni nini hasa?"

Hapo alimwambia. Hakuwahi kumwambia mtu nje ya dada yake, na alijisikia akisema maneno yale kwa sauti ndogo ya mtu anayeungama kosa ambalo si lake.  Mhariri Mkuu, mtu wa maneno maishani mwake mwote, akasema "pole sana" tu.

Namba ya Mwewe alikuwa ameipata kwa Kasuku kabla hajaenda shule; Mwewe alimwachia mtoto jana yake, siku ya video. Mwewe alisikiliza, hakuuliza mengi. "Dada, naifuta sasa hivi. Nimeifuta. Lakini sitakudanganya, watu walishaichukua. Iko kila mahali." Akaongeza, "Nilikuwa nacheza tu. Nisamehe."

Bi Wino hakuwa na nafasi ya kusamehe wala kulaumu. Alifungua kurasa za kundi lile, akawa anasoma chini ya nakala za ile video, kuanzia juu kwenda chini, kila neno, na kila maana. Aliisoma mpaka akafika kwa mtu mmoja asiye na picha, ambaye alikuwa ameuliza usiku ule kwa adabu kabisa: "Samahanini wapenzi wa filamu, nyumba hii iko mtaa gani?" Na wapenzi wa filamu, watu wakarimu, walimjibu wote kwa pamoja. Angalia ukurasa wa mwisho, kaka. Mmoja alimpigia picha ukurasa wenyewe.

Chini yake mtu yule alikuwa ameandika: "Nimelinasa kosa lingine. Huyo mama si mjane. Mume wake yu hai."

Mashabiki walimrukia. Mume anakufa mwanzoni kabisa, walisema, kaitazame upya. Alijibu: "Asanteni kwa kunielekeza. Sina haraka."

Bi Wino aliiweka simu mezani kifudifudi, kama mtu anayefunika kitu kilichokufa.  Kwa muda alikaa tu, akisikia bomba la jirani likimwaga maji, na akawaza jambo la kipuuzi, kwamba nguo za shule za Kasuku bado ziko kwenye waya. Kisha woga ukamshika shati ukamnyanyua. Alijaza begi moja. Vyeti, nguo za mtoto, dawa ya kifua ya mtoto. Alizipita ngazi zile huku akitazama kila kona kabla ya kuifikia, akakutana na mashabiki wawili wanapanda na kitabu, akawapisha akiwa ameinamisha uso.

Shuleni alimtoa Kasuku katikati ya kipindi. Mwalimu wa zamu aliuliza kama kuna msiba. "Karibu na huo," alisema.

"Tunakwenda wapi?" Kasuku alimuuliza getini.

"Kwa Mama Mkubwa."

"Leo? Kuna nini?"

"Nimemkumbuka tu dada yangu. Tembea, mwanangu, tembea."

Kwenye basi walikaa nyuma kabisa, migongo ukutani, Bi Wino akiwahesabu wanaume kwa mashati yao. Mwenye shati la bluu alisinzia. Mwenye kofia alishuka mapema. Mwenye kola iliyopigwa pasi alimfanya ashike mkono wa mtoto mpaka mtoto akalalamika, na yule bwana akageuka, na alikuwa mzee wa watu, hana hili wala lile. Kasuku aliomba simu acheze. Mama akampa haraka. Mtoto aliinamia simu ile njia nzima, kimya, akiandika na kufuta, akiandika na kufuta, na Bi Wino alimshukuru Mungu kwa ukimya huo. Mtoto huyu asiyejua kunyamaza leo ananyamaza. Huenda ameona sura ya mama yake, akaamua kumhurumia. Alimpapasa kichwa. Walipofika, alimnunulia maji ya chupa na biskuti, akampa na busu juu yake.

Dada alikuwa akikaa nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba yenye chumba cha kushonea mbele na vyumba viwili nyuma. Aliwapokea kipimo kikiwa kimening'inia shingoni na pini mdomoni. Aliusoma uso wa mdogo wake, akazitoa pini, akamwambia mteja aliyekuwa akipimwa gauni arudi kesho. Mteja alitaka kubisha. "Kesho," dada alisema, na mteja akavaa viatu vyake.

Kasuku alipelekwa nyuma kunawa. Dada wawili walikaa kati ya vitambaa, na mdogo akasimulia yote, kitabu, kisanduku, video, na yale maneno ya mwisho. Dada hakumkata kauli hata mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Hapa hapajui," alisema mwishowe. "Nilihama baada ya wewe kumkimbia, na jina la mtaa huu sijamwambia mtu wa ukoo wake hata mmoja. Hapa mtakaa. Tutamtafuta wakili, safari hii tukamfunge kwa karatasi. Lakini mtoto umwambie. Leo. Mimi siwezi kumlisha mtoto wali wangu huku namdanganya kuhusu baba yake."

"Nitaanzaje?"

"Anza na ukweli. Ukishaanza, mwenyewe utatoka."

Bi Wino alivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza siku ile alijisikia ana paa juu ya kichwa. Dada mkubwa ana kazi hiyo katika dunia: ukikaa naye chumba kimoja, mambo yanapungua ukubwa. Akamwita mtoto. Kasuku alikuja akiwa ameshika simu ya mama yake kwa mikono miwili, akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Mwanangu, kuna jambo nilikuficha. Baba yako…"

"Yu hai," alisema Kasuku.

Bi Wino alimtazama dada yake, na dada akatikisa kichwa: si yeye.

"Nani kakwambia?"

"Niliona aliyoyaandika. Niliona jana usiku kwenye simu yako, ukiwa umelala, maana nilikuwa nasoma watu wanasemaje kuhusu mimi. Nikamwandikia pembeni, kwa siri, kumuuliza kwa nini anasema hivyo. Akaniambia yeye ndiye." Mtoto aliikumbatia simu. "Sikumwamini hivi hivi, Mama. Wewe umenifundisha nisiamini watu wa kwenye simu. Nikamuuliza kama ana ushahidi. Akaniambia nina alama nyeusi nyuma ya goti, kama kokwa. Hiyo haipo kwenye video. Nilivaa soksi ndefu."

Dada alikuwa amesimama.

"Kasuku," Bi Wino alisema polepole, "umemwambia nini?"

"Amesema umenidanganya lakini hajakukasirikia. Anaongea vizuri, Mama. Ananiita binti yangu. Amesema amenitafuta tangu nikiwa mdogo na hajawahi kuchoka." Machozi sasa yalikuwa yakimtoka bila kelele. "Kila mtu darasani ana baba. Mimi nilikuwa nawaambia wangu kafa, kumbe ananitafuta."

"Leo kwenye basi. Umemwambia nini leo kwenye basi?"

"Alikuwa amefika kwetu. Alikuta hakuna mtu. Alisimama na wale mashabiki mlangoni, akawa ananiuliza tuko wapi. Nikamwonea huruma." Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama Mama Mkubwa, na akaanza kuona kitu kwenye nyuso zile ambacho hakukitegemea. "Nikamwambia tunakuja kwa Mama Mkubwa, nikamtajia mji, nyuma ya kiwanda cha matofali. Nyumba yenye chumba cha cherehani mbele. Nikamwambia karibu."

"Akasemaje?"

"Akasema ahsante, binti yangu. Yuko njiani."

Bi Wino aliichukua simu mkononi mwa mtoto, akaizima. Hakumgombeza. Alijikuta amepiga magoti mbele ya kigoda, amemkumbatia mtoto ambaye amefanya alichofanya kwa sababu mama yake alimnyima baba na hakumpa sababu. Alitaka kumwonyesha kile kidole. Alitaka kumwambia kuhusu kabati, sasa, kabla ya lolote, lakini saa zile hazikuwa zake tena za kusimulia. Dada alikuwa ameshafunga komeo la mbele na kuteremsha pazia, na alikuwa akichomoa pesa kutoka ndani ya kasha la uzi bila kuzitazama.

"Mlango wa uani," dada alisema kwa mnong'ono. "Piteni kwa jirani. Mimi nabaki. Akija atanikuta nashona."

"Dada, hapana."

"Nabaki, nimesema. Mimi hana la kunidai. Nendeni."

Begi lilikuwa halijafunguliwa. Bi Wino alilitupia begani, akamshika mtoto mkono, wakatoka uani, wakapita kati ya shuka zilizoanikwa na marundo ya matofali yaliyovunjika. Jua lilikuwa bado kali. Mahali popote barabarani mtu nadhifu mwenye kola ya pasi angeweza kuwa anashuka kwenye gari, anamuuliza mpita njia kwa adabu.

Kasuku alijikwaa, akasimama, akauvuta mkono wa mama yake.

"Mama, sitamwambia. Nakuapia sitamwambia tena. Tunakwenda wapi?"

Bi Wino alifungua mdomo. Akayatazama macho yale ya mtoto wake, mekundu, yanayomsihi, na akaogopa kumjibu.